Shule ya Bwaise na Uso Wake

Jumatatu, 2 Juni 1975

Umeme hakuna tena. Nimesogeza meza ya kuchorea hadi dirishani kama kawaida, na kama kawaida tarishi amelalamika kwamba nimeziba njia. Azunguke.

Ninachora shule ya Bwaise. Madarasa sita, safu moja ndefu. Ni ya watoto wa askari na polisi wa kambi ya karibu, pamoja na watoto wa majirani watakaojipenyeza. Binti yangu Nekesa atakuwemo. Huko umeme haujafika na sioni dalili, kwa hiyo mwanga lazima utoke mbinguni na upepo uingie wenyewe. Si kazi ngumu. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni likutane na kuta fupi zisizo na madirisha, lihangaike nazo huko. Badala ya vioo, matofali ya matundu, juu na chini, maana vioo havipatikani na vikipatikana vinaibwa. Chini ya mabati dari ya mikeka ya mafunjo, ili joto na kelele za mvua zibaki huko huko juu. Na sakafu iinuliwe hadi magotini, kwa sababu mvua ikinyesha Bwaise ni ziwa.

Mtoto aone, apumue, akae pakavu. Basi. Sijaomba marumaru.

Mkuu wa ofisi amepita, ametupa jicho, amesema "vizuri" bila kusimama. Bosi wetu Mhindi, msanifu majengo, alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake wote. Aliyemfuata alivuka kwenda Nairobi, na hatujui kama alifika. Nimebaki mimi, mchoraji, na kazi yao wote wawili juu ya yangu. Mwezi umeanza jana na nimeshachoka.

Alhamisi, 5 Juni

Kiwanjani Bwaise. Kuruka mitaro kwa gauni la kufika vifundoni. Suruali wanawake tumekatazwa. Aliyekataza hajawahi kupanda ngazi ya fundi.

Barabara iko upande wa magharibi wa kiwanja. Jengo litaanzia karibu na barabara na kuingia ndani, ubavu wake mwembamba ukiwa upande wa magari. Tumepiga vigingi na kufunga kamba, mimi na Drani. Drani ndiye msimamizi wa mafundi, Mlugbara wa kaskazini, aliwahi kuwa jeshini zamani. Ana kelele, anabisha kila kipimo, halafu anafanya nilivyosema. Wafanyakazi wananiita Mama Ramani. Ni yeye aliyeanzisha.

Tulipomaliza nikapita kwenye shule ya sasa. Shule! Banda la mabati, mdomo wazi kwa magharibi. Mwalimu mkuu ni mama wa mapacha, wote tunamwita Nalongo. Saa tisa ya mchana nimekuta watoto wamelaza vichwa juu ya mbao, na yeye anajipepea kwa daftari.

"Nyabo, saa hii mimi hapana fundisha," kasema, ananiita bibi kwa lugha ya kwao. "Mimi nachunga tu."

Nekesa alikuwa kati yao, anakohoa kile kikohozi chake kikavu. Amenipungia mkono bila kuinua kichwa.

Ijumaa, 6 Juni

Kapteni amekuja. Jina lake siliandiki hapa. Ndiye aliyekabidhiwa na kambi kusimamia ujenzi wa shule hii. Magari mawili, askari sita, fimbo chini ya kwapa. Amesimama barabarani akatazama kamba zetu muda mrefu.

"Hii shule yako iko naangalia wapi?"

Nikamweleza. Kaskazini na kusini, afande. Jua, upepo, watoto.

"Barabara nampa ubavu! Mgeni rasmi nakuja fungua shule, shule nampa ubavu? Askari kwa gwaride nasimama ubavu?" Akawageukia watu wake. "Geuza yote. Darasa sita kwa mstari, uso barabarani, kifua mbele."

Nikasema afande, tukigeuza, madirisha yote yatapigwa na jua la jioni. Akaniuliza mimi ni Mkenya? Nikajibu ndiyo. Akatingisha kichwa polepole, akapanda gari.

Nyumbani sikula. Baba Nekesa amesema niache. Amesema jengo ni lao. Yeye ni karani wa duka tu lakini anaona mbali kuliko mimi: kila wiki anahesabu Wakenya waliofunga virago. Anataka turudi kwetu Bungoma. Nimemwambia tutaongea. Hatukuongea.

Jumatatu, 9 Juni

Askari wamegeuza vigingi Jumapili. Safu nzima sasa inatazama magharibi. Wamefunga kamba vizuri, lazima niseme. Wamenyoosha kama gwaride.

Nimekasirika. Nikamwambia Drani turudishe. Akanitazama. Akarudisha. Kufikia saa saba jengo lilikuwa limelala tena nilivyolichora, na mimi nikapanda basi kurudi Wandegeya nikijiona shujaa. Shujaa wa kamba na vigingi.

Jumanne, 10 Juni

Kapteni alipita jana baada ya mimi kuondoka.

Hakumpiga Drani. Alimsimamisha katikati ya kiwanja, mikono ubavuni, uso barabarani, tangu saa saba na nusu mpaka jua kuzama. Mafundi wote wakiangalia. Aliwaambia ndivyo nyumba inavyosimama.

Leo nimemkuta Drani amekaa kwenye kivuli cha mti wa mutuba, midomo imepasuka, kitambaa kilicholowa maji kichwani. Nilitaka kuomba msamaha. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Mama Ramani, ile jua ya jioni kweli mbaya. Sasa mimi najua."

Akajaribu kucheka. Mimi nikalia, mbele ya mafundi, kama mtoto. Ni mimi niliyemsimamisha pale. Vigingi vimegeuzwa tena na sijavigusa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejikaza kisabuni nikaenda kambini mwenyewe. Nilijua Kapteni ana binti katika lile banda. Nikamwomba jambo moja tu: aje akae naye darasani saa tisa, dakika chache.

Amekuja! Amekaa kwenye ubao mfupi, magoti karibu na kidevu. Watoto wameganda kwa woga. Jua likaingia moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma. Shati lake likalowa. Binti yake, mtoto mwembamba mwenye meno yaliyoachana, alikuwa akichuruzika jasho juu ya slati hadi herufi zinafutika. Kapteni akatoa leso akampangusa uso, polepole, kama mama.

Nikajua nimeshinda.

Nje akasema, "Mtoto ya askari nazoea."

Akatazama barabara kwanza, halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini: "Mama, hata mimi iko na mkubwa. Yeye akikuja, iko nataka ona uso. Hapana ona uso, mimi ndiyo naonekana."

Anaogopa. Sikuwa nimefikiria kwamba naye anaogopa. Haikunisaidia kitu, ila nimerudi nyumbani bila ile hasira. Imebaki kuchoka tu.

Jumamosi, 14 Juni

Sokoni Wandegeya. Sukari hakuna, sabuni hakuna. Nimesimama kwenye foleni ya chumvi mbele ya yale maduka ya zamani ya Wahindi. Rangi inabambuka, waliogawiwa na serikali hawajui hata kufagia. Nikayatazama kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama.

Kwa mbele, ukuta mrefu wenye mapambo, nguzo, sehemu ya jina. Ukizunguka kwa pembeni, nyuma ya ule ukuta kuna kibanda cha mabati, chembamba, kirefu, kinaingia ndani. Duka zima ni uso. Wala mtu hajawahi kusema limempa ubavu.

Nimeacha foleni. Chumvi tutaazima.

Jumanne, 17 Juni

Nimechora uso. Ngazi pana, nguzo nne, ukuta mrefu wa kuficha mwisho wa paa, mahali pa bendera, jukwaa la mgeni kusimama kupokea saluti. Yote yamebandikwa kwenye ule ubavu mwembamba wa magharibi. Nyuma yake madarasa yamelala vile vile nilivyotaka, kaskazini na kusini. Ni mchoro mbaya. Nguzo hazibebi kitu. Bosi Mhindi angenichapa kwa rula.

Kapteni ameuzungusha, ameuinua, ameuweka mbali. Kisha meno yote nje.

"Hii sasa ni shule! Hii sasa inasimama!"

Akaamuru vigingi virudi. Mbele ya watu wake akanipa mkono. Drani alikuwa nyuma yake, ananikonyeza.

Nimefurahi. Naandika tena ili nisisahau namna yake: nimefurahi.

Jumatatu, 14 Julai

Mjini wanapaka rangi kila kitu. Wageni wa mkutano mkubwa wa Afrika wako njiani, mawe ya pembeni mwa barabara yamepakwa chokaa, hata miti. Simenti yote imekwenda kwenye mahoteli. Sisi tunajengea udongo na kusali.

Lakini kuta zimefika kwenye linta, boriti ya juu ya madirisha. Nimeingia darasa la tatu saa tisa, peke yangu. Bado hamna paa, hivyo si haki kupima, ila upepo ulishaanza kupita kwenye matofali ya matundu ukinigusa shingoni. Mafundi wamepachika moja kichwa chini. Limekaa vizuri kuliko mengine.

Wanawake wa nyuma ya kambi wameanza kusuka mikeka ya dari. Mafunjo wanakata hapo hapo kinamasini. Wanaimba kwa lugha yao, wananicheka gauni langu lenye tope. Nami nimecheka. Siku nzuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Simenti imekuja. Lori moja. Tuliahidiwa matatu.

Nilipofika, Drani alikuwa tayari anamwaga nguzo ya pili. Nikamwambia asimamishe, sakafu kwanza. Akasema amri ni uso kwanza. Nikampata Kapteni kambini. Nikamwambia afande, tupunguze nguzo ziwe mbili, ukuta uwe mfupi, ngazi ziwe za matofali. Kinachobaki kitoshe kuinua sakafu ya madarasa yote.

"Uso kwanza," kasema. "Miguu baadaye."

Baadaye lini? Septemba mwishoni mvua inaanza. Nimemkumbusha maji ya Bwaise. Akasema mwenyewe nilimpa ile picha na akaipeleka kwa mkubwa, mkubwa akaipenda, na sasa hakuna anayeweza kumwondolea mkubwa nguzo.

Kweli nilimpa.

Jumatatu, 11 Agosti

Hesabu zangu hazidanganyi. Uso ukimalizika, itabaki simenti ya kuinua sakafu ya madarasa matatu. Mengine matatu yatakaa chini, udongo wa moramu ulioshindiliwa, usawa mmoja na ardhi ya nje. Na kiwanja kinateremka kuelekea huko nyuma.

Mkuu wa ofisi amesema nichague mwenyewe. "Wewe ndiye unayeijua," kasema, halafu akashika simu isiyolia.

Nimechagua watoto wadogo. Madarasa ya kwanza hadi ya tatu yapate sakafu ya juu. Wadogo wanaumwa upesi, wanakaa chini, wanachezea maji. Sababu zote ni nzuri na nimeziandika kwa mkuu wa ofisi. Nekesa yuko darasa la pili. Hiyo sikuiandika. Ningekuwa na mtoto wa darasa la sita, ningesema nini? Ningepata sababu nzuri za upande huo pia. Sijipendi leo.

Jumamosi, 6 Septemba

Ufunguzi.

Bendi ya polisi. Ngoma. Watoto wamepangwa tangu saa mbili asubuhi, wanaimba wimbo waliofundishwa wiki nzima. Uso umepakwa rangi nyeupe na bluu na kwa kweli, Mungu anisamehe, unapendeza. Mgeni rasmi amekuja, mtu mzito mwenye miwani ya jua. Amepanda ngazi, amesimama jukwaani, amepokea saluti, amesifu serikali, amekata utepe uliofungwa kati ya nguzo mbili. Amekunywa soda. Ameondoka.

Hakuingia darasani. Hata mmoja wa msafara wake hakuingia. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa la kwanza na hotuba yangu ndogo kichwani, kuhusu mwanga na upepo na mafunjo. Nimemsimulia Nalongo. Ameniambia kwa huruma, "Bambi, nyabo, mimi nimesikia," akanishika mkono.

Kapteni alikuja mwishoni, jasho tele, amenusurika. Ameniambia asante. Nadhani alimaanisha.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepita shuleni saa tisa bila kumwambia mtu. Nimesimama nje ya darasa la pili, chini ya dirisha la matundu.

Wanasoma! Saa tisa, bila taa, na hakuna kichwa kilicholala. Nalongo anafundisha kweli, sauti yake imepanda. Nekesa alisimama akasoma ukurasa mzima. Hakukohoa. Nikasubiri akohoe. Hakukohoa.

Nimemwambia Baba Nekesa usiku. Amesema basi tumalize mwaka, twende Desemba. Nimekubali. Shingo imelegea kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua tangu jana mchana. Mikeka inafanya kazi, nasikia kutoka kwa Drani. Ndani unasikia mwalimu anasema nini. Lakini maji yanapanda kutoka upande wa kinamasi. Ofisini sijachora mstari hata mmoja. Nimesimama dirishani. Tarishi ameniuliza naumwa?

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua imekatika asubuhi. Nimekwenda.

Madarasa matatu ya nyuma yamejaa maji hadi katikati ya muundi. Moramu imekuwa uji. Viti vinaelea. Madarasa ya mbele ni makavu kabisa, na Nalongo amejaza humo wa kwanza mpaka wa tano, wamebanana, watatu kwa kiti kimoja, lakini wanaona na wanapumua. Nekesa alikuwa kwenye kona, amempakata mtoto wa mtu mwingine ili nafasi itoshe.

Darasa la sita halikuwamo. Wale wana mtihani mwezi ujao. Nikamwuliza Nalongo wako wapi.

"Kule mbele. Pale tu ndiyo pakavu pamebaki."

Nikazunguka. Walikuwa kwenye ngazi. Wameketi kwa safu juu ya ngazi zangu pana, kati ya nguzo zangu nne zisizobeba kitu, ubao umeegemezwa kwenye jukwaa la mgeni. Saa tisa na nusu. Mawingu yamefunguka na jua lote la magharibi liko juu yao. Ukuta mweupe nyuma yao unalirudisha. Wamekunja macho, wanakinga daftari kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Msichana mmoja alikuwa amejifunika sweta kichwani.

Nilitaka kumwambia mwalimu wao awaondoe. Awapeleke wapi?

Nimepanda ngazi nikaketi nao, mwisho wa safu. Mwalimu alidhani nimekuja kukagua, akazidi kupaza sauti. Walikuwa wanafanya hesabu za eneo la mstatili. Kijana aliye karibu nami alikuwa anakosea, nikamwonyesha. Magari yalipita, mengine yalipunguza mwendo kutuangalia. Tumekaa hivyo hadi kengele.

Nyumbani Baba Nekesa ameniuliza mbona macho yamekuwa mekundu hivyo. Nimemwambia ni jua.